Kipande cha Nyama Chini ya Hadubini: Namna Maambukizo ya Viungo Bandia Yanavyotambuliwa

Maji ya bamvua yanapokupwa huko Kizimkazi, kusini ya kisiwa cha Unguja, vyombo vilivyopandishwa na maji makuu hubaki mchangani, na wenyewe hupata nafasi ya kuvishughulikia upande wa chini. Hukwangua ukoga ulioganda juu ya ubao, huchoma kwa moto wa makuti, kisha hupaka deheni. Anayepita pwani wakati huo huona jambo ambalo ndilo mwanzo wa somo letu la leo. Ukoga ule umekaa majini miezi mingi, mawimbi yakiupiga usiku na mchana, na bado haukuoshwa. Mtu akitaka kujua ni viumbe gani vinavyoishi chini ya mashua ile, hawezi kuridhika na ndoo moja ya maji ya bahari yaliyo kando yake. Hana budi akwangue ubao wenyewe.

Daktari anayemtibu mgonjwa mwenye kiungo bandia kinachouma hukutana na swali la namna hiyohiyo. Makala haya yamekusudiwa walimu wa bayolojia, kemia na hisabati katika shule za sekondari, pamoja na wanafunzi wao, na yataeleza kwa nini jibu la swali hilo hutafutwa ndani ya tishu iliyozunguka kiungo, na kwa nini kipande kimoja hakitoshi.

Kiungo bandia

Nyonga ya mwanadamu ni tufe linalozunguka ndani ya kikombe. Tufe ni kichwa cha mfupa wa paja, na kikombe kimo katika mfupa wa kiuno. Gegedu laini linalofunika pande zote mbili likilika, au kichwa cha mfupa kikifa kwa kukosa damu, kila hatua huwa ni adhabu. Katika mwambao wetu sababu ya pili haifai kusahauliwa. Ugonjwa wa selimundu, ambao ni wa kurithiwa na uliomo kwa wingi katika sehemu zetu, huziba mishipa midogo ya damu na kukiua kichwa cha mfupa wa paja, mara nyingi kwa vijana. Nchi ya Malawi, iliyoanzisha daftari la taifa la viungo bandia mwaka 2005, iliona katika taarifa zake za mwanzo kwamba kufa kwa kichwa cha mfupa ndiyo sababu iliyowapeleka wagonjwa wengi zaidi kubadilishwa nyonga. Katika nchi za Ulaya sababu kubwa ni gegedu la wazee kulika.

Nyonga bandia ya kisasa ilipata umbo lake mwaka 1962 katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, kwa mikono ya daktari mpasuaji John Charnley. Alitumia tufe dogo la chuma lenye kipenyo cha milimita 22 hivi, kikombe cha plastiki ngumu ya poliethilini, na saruji maalumu ya kuvishikiza mifupani. Kabla ya hapo alikuwa akitumia plastiki nyingine, Teflon, ambayo ililika upesi na vumbi lake likaisumbua mno miili ya wagonjwa. Basi Charnley alijitia mwenyewe pajani vipande vya plastiki ile ya zamani na ile mpya, akangoja. Baada ya miezi kadhaa palipotiwa Teflon palivimba vinundu. Palipotiwa poliethilini palitulia. Simshauri mwanafunzi yeyote amwige, lakini jambo alilolionyesha ni la msingi: tishu huandika habari ya kila kitu kigeni kinachoikaribia, na anayejua kusoma anaweza kuisoma.

Hapa Tanzania upasuaji wa kubadilisha nyonga na goti hufanywa katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, na katika hospitali nyingine kubwa.

Ukoga juu ya chuma

Katika hospitali zenye uzoefu mkubwa, kati ya wagonjwa 100 wanaobadilishwa nyonga au goti, mmoja au wawili hivi hupata maambukizo ya bakteria kuzunguka kiungo kipya. Idadi hiyo ni ndogo, lakini kwa yule inayemwangukia msiba ni mkubwa. Bakteria wenyewe mara nyingi si wageni. Stafilokoki wa ngozi, ambao kila msomaji anao mkononi wakati huu, ndio wanaoongoza. Juu ya ngozi hawana madhara. Juu ya chuma kilichozikwa mwilini ni maadui.

Mwaka 1957 watafiti wawili wa Uingereza, Elek na Conen, walichunguza kwa watu waliojitolea ni stafilokoki wangapi wanaohitajika ili kufanya usaha katika ngozi. Waliona kwamba katika ngozi tupu walihitajika mamilioni. Lakini uzi wa hariri wa kushonea ulipokuwapo, idadi ile ilipungua karibu mara 10,000, yaani mia chache tu zilitosha. Sababu ni kwamba kitu kigeni hakina damu ndani yake. Seli za ulinzi haziwezi kukijia kutoka ndani, na bakteria wakishajishikiza juu yake hutoa ute, hujifunika kwa ute huo, na kuishi kama mji wenye ukuta. Wale walio ndani kabisa hukua polepole mno, wakawa hawadhuriki kwa urahisi na dawa zinazoua bakteria wanaokua kwa kasi. Huo ndio ukoga wetu wa chini ya mashua.

Mambo mawili hufuata. La kwanza, majimaji ya kiungo yanaweza kuwa na bakteria wachache au asionekane hata mmoja, ilhali chuma kimefunikwa. La pili, pamba iliyopitishwa juu ya kidonda cha ngozi hukusanya bakteria wa ngozi, ambao wangekuwapo hapo hata kama kiungo kingekuwa salama. Kipimo hicho cha pamba ni rahisi na cha haraka, na ndiyo maana kinapendwa, lakini kwa shauri hili ni afadhali kisifanywe kabisa kuliko kufanywa na kuaminiwa.

Maumivu yasiyo na jina

Tuchukue mgonjwa wa kubuni, mvuvi wa Kizimkazi Mkunguni mwenye umri wa miaka 60, aliyewekewa nyonga bandia miaka mitatu iliyopita. Mwaka wa kwanza alitembea vizuri. Sasa paja linauma anapoinuka, na linauma usiku. Hana homa wala usaha. Picha ya eksirei inaonyesha mstari mwembamba mweusi kati ya mfupa na saruji. Maana yake kiungo kimelegea. Vipimo vya damu vimepanda kidogo tu, na vinaweza kupanda kwa sababu nyingine nyingi.

Kiungo hulegea kwa njia kuu mbili. Huenda vumbi la plastiki limekuwa likilika kidogokidogo, seli za mwili zikalila vumbi hilo, na katika kupambana nalo zikaula na mfupa. Au huenda bakteria wapole wamekaa pale tangu siku ya upasuaji wa kwanza. Kwa jicho la mgonjwa, na mara nyingi kwa jicho la daktari, hali hizi mbili hazina tofauti. Lakini matibabu yake hayafanani hata kidogo.

Kama ni vumbi, kiungo hutolewa na kipya huwekwa katika upasuaji mmoja, na mvuvi wetu hurudi kwao. Kama ni bakteria, na kiungo kipya kikawekwa bila kujua, ukoga utahamia juu ya chuma kipya na mateso yataanza upya. Kwa hiyo penye maambukizo ya muda mrefu mara nyingi hutolewa chuma na saruji yote, tishu iliyokufa hukwanguliwa, pengo hujazwa kwa saruji yenye dawa ya kuua bakteria, na mgonjwa hukaa wiki nyingi akitumia dawa kabla ya kupasuliwa mara ya pili. Pana pia wapasuaji wanaomaliza kazi yote mara moja kwa wagonjwa waliochaguliwa, ila hao ndio hasa wanaotaka kumjua bakteria kwa jina lake kabla ya kuanza.

Fikiria basi gharama ya kukosea. Mgonjwa asiye na bakteria akidhaniwa anao, atapoteza kiungo na miezi kadhaa ya maisha yake, atavuka bahari kwenda na kurudi na jamaa wa kumuuguza, na chombo chake kitabaki juu pwani bila sababu. Mwenye bakteria akidhaniwa hana, atapasuliwa tena na tena, na kila safari mfupa hupungua.

Namna vipande vinavyochukuliwa

Mgonjwa anapopasuliwa, daktari hukata vipande vitano au sita, kila kimoja ukubwa wa punje ya hindi au zaidi kidogo, kutoka pale tishu inapogusana na chuma au saruji, hasa inapoonekana mbaya. Kila kipande hukatwa kwa kisu chake na koleo lake safi, kisha hutiwa katika chupa yake. Kisu kimoja kikitumika kwa vyote, bakteria mmoja wa ngozi anaweza kutembezwa katika chupa zote tano, na ushahidi wote ukawa wa uongo. Ikiwa hali ya mgonjwa inaruhusu, dawa za kuua bakteria husimamishwa wiki mbili kabla, kwa kuwa bakteria aliyelemazwa na dawa haoti maabarani ingawa yu hai mwilini.

Tena kuna jambo dogo linaloharibu kazi kubwa. Vipande vinavyokwenda kwenye hadubini hutiwa katika formalini ili tishu isioze. Vipande vinavyokwenda kuoteshwa havitiwi formalini hata tone, kwa sababu formalini huua kila kilicho hai. Chupa zote zikijazwa formalini kwa mazoea, mtaalamu wa bakteria atapokea maiti, ataandika kwamba hakuna kilichoota, na jibu hilo litasomwa kana kwamba lina maana.

Kuhesabu askari

Katika maabara ya patholojia kipande kilichohifadhiwa hukaushwa maji kwa spiriti, huzamishwa katika nta iliyoyeyuka, na kikishaganda hukatwa kwa mashine kuwa tabaka zenye unene wa mikrometa 4 au 5. Tabaka hizo hulazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili: hematoksilini, inayozipaka viini vya seli rangi ya buluu, na eosini, inayozipaka sehemu nyingine rangi ya waridi. Rangi ya kwanza hushikamana na asidi za kiini. Ya pili hushikamana na protini. Mwalimu wa kemia anaweza kuisimamisha somo zima hapo.

Seli inayotafutwa ni niutrofili, aina ya seli nyeupe za damu iliyo nyingi kuliko zote. Hujulikana kwa kiini chake kilichogawanyika sehemu tatu mpaka tano zilizounganishwa kwa nyuzi nyembamba. Niutrofili ni askari wa zamu fupi: huzunguka katika damu, huitwa na kemikali za bakteria, hupenya ukuta wa mshipa, hupigana na kufa. Katika tishu iliyotulia hatarajiwi kuonekana. Akiwapo kwa wingi ndani ya tishu miaka mitatu baada ya upasuaji, kuna aliyemwita.

Daktari Mirra wa Marekani alieleza mwaka 1976 kwamba wingi wa seli hizi katika tishu ya kiungo bandia hulingana na maambukizo, na mwaka 1995 Feldman na wenzake wakapendekeza mpaka unaotumika sana hadi leo, yaani niutrofili 5 au zaidi katika kila uwanja wa hadubini ikuzayo mara 400, katika viwanja visivyopungua 5. Maelezo yaliyotolewa na chama cha Ulaya cha wataalamu wa maambukizo ya mifupa na viungo mwaka 2021 yanakihesabu kipimo hicho kuwa miongoni mwa vile vinavyothibitisha maambukizo.

Kuhesabu huku kuna masharti. Niutrofili aliye bado ndani ya mshipa wa damu hahesabiwi, maana yeye ni mpita njia. Aliyenaswa katika damu iliyoganda juu ya uso wa kipande hahesabiwi pia. Tena mfupa uliovunjika karibuni huita niutrofili bila ya bakteria kuwapo. Kwa upande mwingine, bakteria wapole sana, kama vile Cutibacterium acnes wa ngozi ya bega, huita askari wachache, na hesabu inaweza kuwa ndogo ingawa maambukizo yapo.

Ikiwa tatizo ni vumbi la plastiki, picha ni nyingine kabisa. Seli kubwa za kula takataka huonekana zimejaa, pamoja na seli majitu zenye viini vingi. Hapo mtaalamu huweka kichujio kinachoruhusu mwanga unaotikisika upande mmoja tu, na kichujio cha pili kilichopingana nacho. Uwanja wote huwa giza, isipokuwa vipande vya poliethilini, ambavyo hugeuza mtikisiko wa mwanga na kung'aa kama nyota. Sijaona mfano mzuri zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba sura ya mwanga katika kitabu cha fizikia haikuandikwa kwa ajili ya mtihani tu.

Napenda kuongeza kwamba kazi hii, tofauti na vipimo vingi vipya, haidai mashine ya bei kubwa. Inadai formalini, nta, kisu kizuri, rangi mbili, hadubini na mtu aliyefundishwa. Hicho cha mwisho ndicho adimu.

Kuotesha, na hesabu ya bahati

Hadubini husema kama adui yupo, haimtaji jina. Ili kuchagua dawa ni lazima bakteria aoteshwe. Vipande husagwa na kupandwa katika chakula cha kuoteshea, na maabara hungoja hadi siku 14, kwa sababu bakteria wa ukoga hawana haraka. Maabara inayotupa vyombo siku ya pili au ya tatu itawakosa.

Kwa nini vipande vitano? Mwaka 1998 wataalamu wa Oxford walijibu kwa hisabati, na tunaweza kuwafuata kwa tarakimu za mfano tulizojichagulia wenyewe. Tuseme kipande chochote kina bahati ya asilimia 5 ya kuchafuliwa na bakteria wa hewa au wa ngozi. Bahati ya vipande vyote vitano kubaki safi ni 0.95 iliyozidishwa yenyewe mara tano, yaani 0.774. Basi katika wagonjwa 100 wasio na ugonjwa, 23 hivi watakuwa na walau kipande kimoja kilichoota. Kipande kimoja hakithibitishi neno! Lakini bahati ya viwili au zaidi kuchafuka ni 0.023 tu, na viwe vya bakteria wa aina moja ni ndogo zaidi.

Sasa tugeuze. Tuseme mgonjwa ana maambukizo kweli, na kila kipande kina bahati ya asilimia 70 ya kuotesha. Tukichukua kimoja, tutamkosa mgonjwa katika kila safari 3 kati ya 10. Tukichukua vitano na kutaka viwili vikubaliane, tutampata mara 97 katika 100. Wale wa Oxford walidai vipande vitatu vikubaliane; kanuni nyingi za baadaye zimeridhika na viwili, zikisaidiwa na hadubini.

Kifua kikuu, na mfano wa Mnazi Mmoja

Tusiondoke bila kumtaja adui mwingine ambaye vitabu vya Ulaya humtaja kwa ufupi. Kifua kikuu hukaa mifupani na viungoni pia, na nyonga ni mojawapo ya makao yake. Huyu hafuati kanuni ya niutrofili. Alama yake ni vinundu vya seli vyenye kitovu kilichokufa, kinachofanana na jibini, na seli majitu pembeni. Kumbuka kwamba tumekwisha kutana na seli majitu katika vumbi la plastiki. Mtu mwenye haraka anaweza kuzichanganya, na kuotesha bakteria wa kifua kikuu huchukua wiki kadhaa.

Hapa Unguja kazi muhimu imefanywa juu ya jambo hili. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Zanzibar, watafiti wa hapo pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walijaribu namna ya kumtambua bakteria wa kifua kikuu ndani ya tishu yenyewe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Bakteria huyo hutoa protini iitwayo MPT64, ambayo jamaa zake wengi wasioleta kifua kikuu hawaitoi. Kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya protini hiyo humwagwa juu ya tabaka ya tishu. Penye protini hunasa, na rangi iliyofungwa nayo huonekana kwa hadubini ya kawaida. Wagonjwa walikuwa wenye kifua kikuu cha nje ya mapafu, kama vile tezi zilizovimba, wala hawakuwa watu wa viungo bandia. Lakini njia ya fikira ni ileile: badala ya kungoja adui aote, hutafutwa alama aliyoiacha katika nyama.

Kazi ya darasani

Mwalimu na achukue mitungi miwili ya maji ya bahari au ya kisima, atumbukize katika kila mmoja kipande cha plastiki, na aiache dirishani wiki mbili. Kipande cha kwanza kisuuzwe kwa maji safi, kisha kiguswe juu ya kioo cha hadubini. Cha pili kisuuzwe vivyo hivyo, ila baadaye kikwanguliwe kwa wembe na ukoga upakwe juu ya kioo. Vioo vyote vikaushwe juu ya moto mdogo, vitiwe methilini buluu kwa dakika moja, vioshwe na kutazamwa. Wanafunzi wahesabu vijidudu katika viwanja vitano vya kila kioo na kutafuta wastani. Visioteshwe vijidudu hivyo darasani, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Kisha wajibu. Ikiwa bahati ya kuchafuka si asilimia 5 bali ni 10, ni wagonjwa wangapi wazima kati ya 100 watakaokuwa na vipande viwili au zaidi vilivyoota katika vitano? Na ikiwa hospitali ina chupa tatu tu kwa kila mgonjwa, je, mngetaka vipande vingapi vikubaliane kabla ya kumwambia mvuvi wa Kizimkazi kwamba chuma chake hakina budi kutolewa?